Tumbo la chini haliachi kuuma na huna raha? Fahamu uhusiano wa maumivu ya nyonga na sonona

Umepima mkojo, ukaambiwa UTI. Ukameza dawa, ukapata nafuu wiki moja, maumivu yakarudi. Ukaambiwa ni UTI sugu. Jirani akasema ni chango, mwingine akasema umerogwa. Mwaka unaisha, tumbo la chini bado linauma, usingizi hakuna, na hata kazi ya kuponda mawe au kuuza chakula machimboni huitaki tena.

Kama unaishi Kahama, Msalala, Nyarugusu au Rwamgasa na haya yamekukuta, soma mpaka mwisho. Huenda una magonjwa mawili yanayochocheana, na unatibiwa moja tu, tena kwa kubahatisha.

Maumivu sugu ya nyonga ni yapi?

Ni maumivu ya chini ya kitovu, kwenye nyonga au kiunoni, yanayodumu miezi 6 au zaidi, yawe ya kila siku au ya kuja na kuondoka. Mara nyingi huzidi wakati wa hedhi, wa tendo la ndoa, wa kukojoa au baada ya kubeba mzigo mzito.

Wanaume nao huyapata. Kwao huuma kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mkojo hutoka kwa shida.

Sonona inaingiaje hapo?

Sonona siyo uvivu wala kukosa imani. Ni ugonjwa. Dalili zake ni huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, kujilaumu na kukata tamaa.

Maumivu na huzuni hupita kwenye njia zinazokaribiana ndani ya ubongo. Ukiumwa muda mrefu, hulali, unaogopa tendo la ndoa, ugomvi unaingia nyumbani na kipato kinashuka. Hapo sonona inapata mlango. Ikishaingia, ubongo unashindwa kuyapunguza maumivu kama kawaida, misuli ya nyonga inakaza, na kilichokuwa kinauma kidogo sasa kinauma sana.

Kwa hiyo mtu akikwambia "ni mawazo tu", amekosea. Maumivu ni ya kweli. Lakini anayekupa vidonge vya maumivu bila kukuuliza unalalaje na unajisikiaje, naye ameacha nusu ya kazi.

Vyanzo vya kuangalia kwanza Kanda ya Ziwa

*Kichocho cha njia ya uzazi.* Wengi wanajua kichocho cha kukojoa damu. Wachache wanajua kwamba mayai ya minyoo hiyo hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta maumivu, uchafu na damu baada ya tendo la ndoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wameathirika. Shinyanga, konokono wanaobeba kichocho hiki hukaa kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Kwa kuwa dalili zinafanana na za zinaa, mama anaweza kutuhumiwa umalaya kumbe aliupata ugonjwa akichota maji utotoni. Mkojo unaweza kuonekana safi na bado unao. Dawa yake ni praziquantel. Huua minyoo, ila makovu ya zamani yanaweza kubaki, ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

*PID.* Hutokana na kisonono au klamidia isiyotibiwa vizuri. Ukitibiwa peke yako na mwenzio hajatibiwa, unarudi palepale.

*Endometriosisi.* Tishu zinazofanana na za ndani ya kizazi huota nje yake. Hedhi ya kukufanya ulale chini kila mwezi siyo "kawaida ya wanawake".

Pia kuna matatizo ya kibofu, utumbo na misuli. Wakati mwingine chanzo hakionekani kabisa, na hiyo haina maana kwamba unajifanya.

Kwa wanaochoma dhahabu nyumbani: mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu, ukaleta kutetemeka, hasira, kukosa usingizi na huzuni. Mwambie daktari kama unafanya kazi hiyo.

Matibabu yakoje?

Vyote viwili vitibiwe pamoja: chanzo kikipatikana, maumivu yenyewe, na sonona. Ushauri nasaha husaidia. Mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga pia. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutumika kwa maumivu sugu na usingizi, na kwa dozi kubwa zaidi hutibu sonona. Iandikwe na daktari, usiazime ya jirani wala kuichanganya na pombe. Na siyo kila dawa ya gharama inasaidia. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2020, kwa wanawake 306 ambao chanzo cha maumivu yao hakikuonekana, uligundua gabapentini haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Ukienda hospitali, sema hivi

- Yalianza lini, na yanahusiana vipi na hedhi.
- Dawa zote ulizokwisha meza, hata za duka la dawa na za mitishamba.
- Kama uliwahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji yaliyotuama.
- Unalala saa ngapi, na kama umekata tamaa ya kuishi.

Anzia zahanati au kituo cha afya. Usipopata nafuu, omba rufaa ya wilaya au mkoa. Juu yake kuna hospitali za kanda za Bugando, Mwanza, na Chato, Geita.

Usisubiri kesho kama umekosa hedhi na tumbo linauma ghafla upande mmoja, una homa kali, unatokwa damu nyingi, au unawaza kujiua. Mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali pamoja leo hii.