Barua za Virusi: Safari ya Kunyamazisha Jeni za Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mwishoni mwa Januari 1951, Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi na mama wa watoto watano, alikwenda Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa sababu alihisi fundo ndani ya tumbo la uzazi. Madaktari walikuta uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Alitibiwa kwa radiamu, na kipande cha uvimbe kikapelekwa katika maabara ya George Gey bila mwenyewe kuulizwa. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa humo baada ya siku chache. Zake ziliongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hivi. Henrietta alifariki Oktoba 4 mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Seli zake, ambazo duniani kote zinaitwa HeLa, zingali hai, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuambiwa.

Kwa nini hazifi? Jibu lilichelewa kwa zaidi ya miaka 30, likatokea Heidelberg, Ujerumani. Miaka ya 1970 wataalamu wengi walikishuku kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Harald zur Hausen alikataa. Yeye alishikilia kwamba mkosaji ni papiloma, HPV, wa ukoo uleule wa virusi vinavyoleta chunjua mikononi. Mwaka 1983 kundi lake lilitangaza kupata HPV ya aina ya 16 katika uvimbe wa wagonjwa, na mwaka uliofuata aina ya 18. Hii ya 18 ilikutwa pia ndani ya seli za Henrietta. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na mwaka 2008 zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel.

Kumjua mkosaji ni jambo moja, kujua anavyofanya kazi ni jingine. Mara nyingi kirusi hiki kikishajipachika ndani ya DNA ya mwanamke hupoteza sehemu kubwa ya jeni zake, lakini mbili hubaki na huendelea kufanya kazi: E6 na E7. Mwaka 1989 na 1990 watafiti wa Marekani, Peter Howley akiwa miongoni mwao, walionyesha kazi ya jeni hizo mbili. Kila seli ina walinzi. Mmoja, Rb, huzuia seli isijigawe ovyo. Wa pili, p53, hukagua uharibifu, na akiona mambo yameharibika huiamuru seli isimame au ijiue. Protini ya E7 humkamata Rb. Ile ya E6 humpeleka p53 akasagwe, na kila anayezaliwa huishia hukohuko.

Hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Katika saratani nyingi nyingine, jeni ya p53 yenyewe huwa imeharibika, na mlinzi aliyezaliwa kilema hawezi kurudishwa kazini. Katika saratani hii jeni za walinzi kwa kawaida ni nzima. Mwondoe kirusi, walinzi watasimama. Mwaka 2000 Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa Chuo Kikuu cha Yale walithibitisha hilo wakitumia protini ya papiloma wa ng'ombe, iliyozima E6 na E7 ndani ya HeLa. Walinzi waliamka. Seli zilizojigawa bila kuchoka kwa karibu miaka 50 ziliacha kujigawa, zikazeeka.

Chombo kizuri zaidi cha kuzima jeni kilitoka bustanini. Mwaka 1990 wanasayansi wa mimea walitaka kuyakoleza rangi ya zambarau maua ya petunia kwa kuyaongezea jeni ya rangi. Baadhi yalichanua meupe! Fumbo hilo liliteguliwa mwaka 1998, pale Andrew Fire na Craig Mello walipofanya majaribio kwa mnyoo wa milimita moja. Jeni haitengenezi protini yenyewe. Huandika barua, yaani RNA, inayopelekwa kiwandani ndani ya seli. Ukiingiza RNA yenye nyuzi mbili inayofanana na barua hiyo, seli yenyewe huisaka barua na kuichana. Jeni inabaki palepale, lakini amri zake hazifiki. Fire na Mello walipata Nobel mwaka 2006, na mwaka 2001 Thomas Tuschl na wenzake, huko Ujerumani, walikuwa wameshaonyesha kwamba vipande vifupi vya herufi 21 vinafanya kazi hiyo hata katika seli za binadamu.

Haukupita muda. Mwaka 2002 Ming Jiang na Jo Milner wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliandaa vipande vya kuchana barua za E6 na E7. Iliponyamazishwa E6, p53 ilirudi na seli zikapunguza kasi. Iliponyamazishwa E7, seli zikajiua. Seli zisizo na kirusi hazikudhurika, kwa kuwa hazina barua hizo. Tiba ya mionzi haina ubaguzi wa namna hiyo.

Lakini kisahani cha maabara si mwili. RNA ikiingia kwenye damu bila kinga hukatwakatwa na vimeng'enya, na mabaki huchujwa na figo. Ukiifunga ndani ya vitone vya mafuta, sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya njia hii, patisiran, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, inatibu ugonjwa wa protini inayotengenezwa na ini. Isitoshe, kuchana barua hakumzuii mwandishi kuandika nyingine. Kwa hiyo wengine wamehamia kwenye kukata jeni yenyewe kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA. Mwaka 2019 kundi la Nigel McMillan wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, liliripoti kuwa limeondoa uvimbe wa namna hii katika panya. Panya wa maabara wameshapona saratani nyingi sana. Sisi bado tunazika.

Nchini Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote, na wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa. Kinachozuia E6 na E7 leo ni chanjo, ambayo ni ganda tupu la kirusi, halina jeni hata moja. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi. Kinachong'oa kizazi ni saratani yenyewe. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, chanjo haitibu, ila kipimo kipo: muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe ndani ya dakika chache. Dada, kama umefikisha miaka 30 na hujawahi kupimwa, nenda kituo cha afya wiki hii, na binti yako asikose sindano yake.