Maji Yanapozaa Cheche: Umeme Tuli na Historia ya Kanuni za Kuosha Matangi ya Meli, 1969–2016

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni za kukabili umeme tuli wakati wa kuosha matangi ya shehena melini, kuanzia milipuko ya Desemba 1969 hadi marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2016. Hoja yake ni kwamba, kwa meli za kemikali, kanuni hizo zilidhibiti cheche zaidi ya zilivyodhibiti mvuke. Pengo lililobaki liliachiwa utii wa mabaharia, na ajali ya mwaka 2004 ikaonesha gharama yake.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu maji yalihesabiwa kuwa kinga ya moto, na kuosha tangi kukachukuliwa kuwa kazi ya usafi tu. Imani hiyo iliyumba mwishoni mwa mwaka 1969. Tarehe 12 Desemba, meli ya mafuta Marpessa ililipuka karibu na Dakar ikiwa katika safari yake ya kwanza, ikirejea kupakia mafuta katika Ghuba ya Uajemi. Siku chache baadaye ilizama. Tarehe 29 Desemba, Mactra ililipuka katika Mlangobahari wa Msumbiji, njia inayopita kusini mwa pwani ya Waswahili. Siku iliyofuata ikawa zamu ya Kong Haakon VII, katika bahari ya Afrika Magharibi. Zote zilikuwa meli mpya, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya tani 200,000. Zote zilikuwa tupu, na katika kila moja matangi yalikuwa yakioshwa kwa mitambo inayorusha maji kwa shinikizo kubwa.

2.0 Uchunguzi na maelezo yake

Kufanana huko kulifanya iwe vigumu kuridhika na maelezo ya kawaida, kama vile sigara au uzembe wa mtu mmoja. Watafiti waligeukia maji yenyewe. Ilibainika kwamba maji yanapogonga kuta za chuma kwa nguvu hupasuka kuwa matone madogo, na katika kupasuka huko chaji za umeme hutengana. Tangi hujaa ukungu wenye chaji. Bonge la maji linaloanguka ndani ya ukungu huo, au kifaa cha chuma kisichounganishwa na mwili wa meli, huweza kukusanya chaji na kuitoa kwa cheche kinapokaribia chuma kilichochomoza. Cheche hiyo huwa ndogo mno, lakini mchanganyiko wa hewa na mvuke wa mafuta huhitaji nishati isiyofika hata milijuli moja ili uwake.

Ukubwa wa tangi ulikuwa sehemu ya tatizo. Kadiri tangi lilivyopanuka, ndivyo volteji ndani ya ukungu ilivyoweza kupanda. Uchumi wa meli kubwa ulikuwa umezaa hatari ambayo uzoefu wa meli ndogo haukuwa umeifundisha.

3.0 Njia mbili za kanuni

Kwa meli za mafuta ghafi, jibu lilikuwa kuondoa uwezekano wa kuwaka. Mkataba wa SOLAS wa mwaka 1974 na Itifaki yake ya mwaka 1978 ulisimika matumizi ya gesi ajizi. Gesi hiyo hujazwa tangini ili oksijeni isizidi asilimia 8. Hapo hata cheche ikitokea, haina cha kuwasha.

Meli za kemikali zilipewa njia nyingine. Meli ya aina hiyo huwa na matangi mengi madogo yenye shehena tofauti, na hulazimika kuyaosha mara kwa mara ili shehena moja isichafue nyingine. Gesi itokanayo na moshi wa boila ingeharibu usafi wa baadhi ya kemikali, na naitrojeni ina gharama. Kwa hiyo kanuni ziliruhusu meli hizo kutotumia gesi ajizi iwapo tangi halizidi mita za ujazo 3,000, bomba moja la mtambo wa kuoshea halipitishi zaidi ya mita za ujazo 17.5 kwa saa, na mitambo yote inayotumika kwa pamoja tangini haizidi 110.

Vipimo hivi vinastahili kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Ni urithi wa somo la 1969: vinapunguza ukungu na chaji. Havigusi mvuke uliomo tangini. Kazi ya kuuondoa mvuke, kupima hewa, kuunganisha mipira ya maji na mwili wa meli, kutoingiza mvuke wa maji moto katika hewa inayoweza kuwaka, na kusubiri kabla ya kushusha kipimo cha chuma, iliachwa mikononi mwa mabaharia na miongozo yao.

4.0 Bow Mariner, 2004

Tarehe 28 Februari 2004, meli ya kemikali Bow Mariner ililipuka na kuzama nje ya pwani ya Virginia, Marekani. Kati ya mabaharia 27, waliookolewa walikuwa 6. Uchunguzi wa Walinzi wa Pwani wa Marekani ulieleza kwamba matangi 22, yaliyokuwa yamebeba kimiminika kiwakacho upesi kiitwacho MTBE, yalifunguliwa kwa ajili ya kusafishwa huku mvuke ukiwa haujaondolewa. Chanzo cha cheche hakikuthibitishwa. Kwa hoja ya makala haya, hilo ndilo lenye uzito: mvuke ukishaachwa, cheche yoyote inatosha, iwe ya umeme tuli au nyingine.

Ripoti hiyo ilionesha pia mpasuko kati ya maofisa wakuu Wagiriki na mabaharia Wafilipino. Taratibu zilikuwa zimeandikwa. Kilichokosekana ni mazingira ambamo wa chini angeweza kuhoji agizo la wa juu.

5.0 Hitimisho

Kwa meli mpya zilizojengwa kuanzia tarehe 1 Januari 2016, sharti la gesi ajizi liliteremshwa hadi meli za mafuta na za kemikali zenye uwezo wa tani 8,000. Meli zilizotangulia hazikuguswa na sharti hilo; huko usalama bado hutegemea neno linaloeleweka na kutamkwa kwa wakati. Kwa nchi za Afrika Mashariki zinazofunza mabaharia, historia hii inadai mambo mawili. Kwanza, dhana kama umeme tuli, gesi ajizi na kiwango cha kuwaka zifafanuliwe kwa Kiswahili thabiti, sambamba na Kiingereza cha kazini, ili mwanafunzi ajue sababu ya kanuni pamoja na maneno yake. Pili, haki ya baharia kusimamisha kazi ya hatari ifundishwe kama sehemu ya ufundi wenyewe. Anayejua kwa nini maji huzaa cheche ana hoja ya kusimamia pale anapoamriwa kufungua tangi ambalo halijapimwa.