Ukubwa wa Idara na Ubora Wake

Vijana wengi wanapochagua chuo kikuu huuliza kwanza, "Idara ile ina walimu wangapi? Ina wanafunzi wangapi?" Maswali hayo yana maana, lakini anayekomea hapo aweza kupotea njia. Hebu tutazame mfano mmoja wa historia yetu ya Afrika ya Mashariki.

Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa mjini Dar es Salaam chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Wanafunzi wake hawakuzidi 14, na masomo yalifanyika katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mpita njia angalikiona, labda angalicheka.

Lakini tazama, msomaji, kazi iliyofanyika humo. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo, na wenzake kama William Twining na Patrick McAuslan hawakuridhika na sheria ya Kiingereza iliyomo vitabuni. Waliifundisha sheria pamoja na nchi inamotumika, wala hawakuzidharau sheria za mila. Katika darasa dogo namna ile, mvivu hana pa kujificha. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria wa Tanzania. Wakenya nao walivuka mpaka kwenda kusoma huko, kwani Nairobi haikuwa na kitivo cha sheria hadi mwaka 1970.

Je, udogo ndio ulioleta sifa hiyo? La, hasha! Katika idara ndogo, mwalimu mmoja akiondoka, somo zima laweza kukoma. Idara kubwa huwa na maktaba pana na wataalamu wengi. Basi hesabu ya watu yatuonyesha uwezo wa idara, lakini haituonyeshi jinsi uwezo huo unavyotumika.

Kwa hiyo, siku yako ya kuchagua itakapofika, uliza zaidi: Nani atakayesoma insha zangu na kunisahihisha? Masomo yanahusu nchi nitakayoitumikia? Waliotoka humo wamefanya nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokufaa miaka yote ya masomo yako.