Jina la Babu Yetu katika Kitabu cha Ubatizo



Yubile ni siku ya kuhesabu neema. Lakini ni nani awezaye kuhesabu neema za jamaa yake asipojua ilianzia wapi? Ndiyo sababu sisi, wajukuu wa mtu mmoja wa misioni ya Mpala, tuliazimu kumtafuta babu wa babu yetu katika maandiko ya zamani. Wala haikuwa kwa udadisi tu. Palikuwa na shauri juu ya shamba lililo kando ya mto. Jamaa ya jirani ilituambia: «Ninyi ni wana wa mtumwa, hamna ardhi hapa.» Wazee wetu walijibu kwamba babu alikuwa mwana wa sultani, aliyekuja misioni kwa hiari yake.

Tulianza na karatasi za ardhi, maana ardhi ndiyo iliyotugombanisha. Upesi tulifahamu ya kuwa hazikuandikwa kwa ajili ya watu kama babu yetu. Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi zisizo na wenyewe ni mali yake. Tangu mwaka wa 1900 ardhi ya Katanga ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga. Tena, kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, Serikali iliahidi Kiti Kitakatifu kuzipa misioni hektari 100 hadi 200 za kulima, nazo misioni zifungue shule. Basi tulionyeshwa mpaka wa misioni, mito na hesabu ya hektari. Shamba letu lilikuwa ndani ya mpaka ule, lakini jina la mlimaji halikuwamo hata moja.

Ndipo tukageukia kitabu cha ubatizo.

Wengi wetu twajua habari za Mpala. Kituo kilijengwa na Kapteni Storms mwaka wa 1883, na mwaka wa 1885 kikakabidhiwa kwa Wapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikivuka ziwa kwenda Ujiji. Wapadri walikomboa watoto, wakawalea na kuwafundisha. Mwaka wa 1887 akafika Kapteni Joubert, akasimama kuvilinda vijiji mpaka hatari ikapita.

Anayetafuta katika vitabu hivyo na awe na saburi. Jina moja la mtakatifu lilipewa watu wengi. Sisi tulikuta watatu wenye jina la babu. Tulimtambua wetu kwa maandiko ya pembeni, palipoandikwa ndoa yake na jina la mke, ambalo nyanya zetu walilikumbuka. Tena tarehe ya ubatizo si tarehe ya kufika. Kardinali Lavigerie aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne, kwa hiyo yafaa kurudi nyuma miaka kadha na kutazama kitabu ambamo wapadri waliandika mambo ya kila siku. Kurasa tulizosomewa zilihesabu watoto waliokombolewa, bila kuwataja majina.

Mstari wa babu ulikuwa mfupi. Mahali pa majina ya wazazi paliandikwa kwa Kilatini: *parentes ignoti*, wazazi hawajulikani. Tulinyamaza. Mwana wa sultani alikuwa ametutoka mikononi. Palibaki mtoto asiyejua pa kurudi.

Lakini mstari ule ulikuwa na neno jingine. Baba yake wa ubatizo alikuwa babu wa jamaa ile iliyotushitaki. Tukafungua kurasa za nyuma tukamtafuta yeye pia. Wazazi wake nao waliandikwa vivyo hivyo: hawajulikani.

Tulipomweleza shangazi yetu mkubwa, hakushangaa. Alisema: «Nalijua tangu utoto. Baba alinikataza kusema, asije mtu akatucheka.» Kumbe aibu ndiyo iliyomzaa yule sultani. Na wenzetu pia walikuwa na sultani wao.

Tukumbuke mtu wa ng'ambo ya ziwa, Adrien Atiman, aliyeibwa utotoni katika nchi za mto Niger na kukombolewa na Wapadri Weupe. Alifika Karema mwaka wa 1889, akawa mganga wa watu wa pale hata kufa kwake mwaka wa 1956. Alisimulia utumwa wake waziwazi, wala heshima yake haikupungua.

Shauri la shamba halikumalizwa na kitabu, maana kitabu cha ubatizo si hati ya ardhi. Lilimalizwa na wazee wa jamaa zote mbili, waliokaa pamoja wakasomewa mistari miwili ile. Hakuna aliyeweza tena kumwita mwenzake mgeni. Mpaka umewekwa penye mti wa zamani, na kila upande unalima.

Wandugu, nyumba zetu zimejaa majina yanayopotea. Tangu mwaka wa 1972, Serikali ilipokataza majina ya Kikristu, mtu mmoja aweza kuwa na jina moja kanisani na lingine katika karatasi za Serikali, mjukuu atamtambuaje? Kila jamaa iandike majina yote ya wazee wake, pamoja na yale yanayoumiza. Babu zetu hawakuwa na baba wa kuwataja siku ya ubatizo wao, lakini kila mmoja alikuwa na mtu aliyesimama karibu naye. Mwenyezi Mungu awape raha ya milele.