Flopi iliyoandikwa "USIZIME": kuflashi mashine za kuchoma DVD enzi zile za Eastlands

Wiki jana nilikuwa nasafisha stoo kwa wazazi, Umoja, nikakutana na draivu ya kuchoma DVD, nzito kama tofali, na flopi moja imefungwa juu yake kwa mpira. Kwenye flopi kuna mwandiko wangu: USIZIME. Nikaketi pale chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu, ingawa siku ile sikucheka.

Wacha nianze na famwea ni kitu gani. Ni programu ndogo inayokaa kwenye chipu ndani ya mashine yenyewe. Ukibadilisha Windows au Linux, yenyewe haiguswi. Wengi tulidhani kuchoma CD ni leza kuwaka tu na kuzima. La hasha. Diski tupu huja na mfereji mwembamba unaoyumbayumba, na kwenye diski hiyo kiwanda kimeficha kitambulisho chake. Kwenye CD kitambulisho huandikwa kama saa: 97:24:01 ilikuwa Taiyo Yuden wa Japani, diski ambazo wachomaji walizisifu kuliko zote (kampuni hiyo iliacha kutengeneza diski mwaka 2015). Kwenye DVD ni herufi, kwa mfano TYG02 au RITEKG05.

Mashine ikishasoma kitambulisho inakimbilia jedwali lililo ndani ya famwea: diski hii ipigwe leza kwa nguvu gani, kila mpigo uwe na urefu gani, kasi iwe ipi. Isipolikuta jina inabahatisha kwa kanuni ya jumla. Hapo ama itachoma polepole kama kobe, ama itamaliza kazi vizuri kabisa halafu diski isisomeke popote. Diski kama hizo ndizo zilizoishia kuning'inizwa kwenye mashamba ya sukuma kufukuza ndege.

Sasa tazama hali yetu. Mashine nyingi za mtaani zilikuwa zimeshatumika kwingine kabla hazijatufikia. Jedwali lake lilisimama siku ile famwea ilipoandikwa, lakini viwanda vya Taiwan havikusimama, kila msimu vilitoa diski zenye kasi zaidi. Kwa hivyo ulikuwa na mashine ya zamani na diski mpya za bei nafuu, mnara wa hamsini kwenye kijiti, na hizo mbili hazijuani hata kidogo. Na walioitegemea mashine hiyo walikuwa wengi: madijei wa matatu za 58 kwenda Buruburu, vijana wa demo (Dandora ilikuwa imeshatoa Kalamashaka miaka ya 90, basi kila kijana mwenye kipaza sauti alijiona msanii), wapiga video wa harusi, na maduka ya muvi, ambayo nisiyaseme sana maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwepo na sote tulijifanya hatuijui.

Hatari haikuwa diski kuharibika pekee. Mwishoni mwa 2002 Pioneer walitoa onyo kwamba mashine zao za awali za kuchoma DVD-R zikikutana na diski mpya za kasi ya 4x, mashine yenyewe inaweza kufa. Dawa ilikuwa famwea mpya, ya bure. Apple, waliokuwa wakiziweka mashine hizo ndani ya kompyuta zao, nao wakatoa marekebisho.

Kisha Oktoba 2003 kikatokea kisa ambacho sisi waandika programu bado tunasimuliana. Linux ya Mandrake 9.2 iliua draivu za CD za LG, tena za kusoma tu. Linux ilituma amri ya kawaida ya kumwaga kache, amri ambayo draivu isiyochoma ilipaswa kuikataa tu. LG walikuwa wameitumia amri hiyo hiyo kwa kupakia famwea! Mtu anainstoli Linux, draivu inajifuta akili. Mimi lawama yote nawapa LG.

Tulikuwa na sababu nyingine ya kuflashi, tusiyoisema kwa sauti. Dunia ya DVD iligawanywa kanda, Kenya ikawekwa kanda ya 5. Shangazi akituma filamu kutoka London ilikuwa kanda ya 2, binamu wa Marekani kanda ya 1. Draivu za kuanzia mwaka 2000 zilikuruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha zinajifunga milele. Famwea iliyochokorwa na wajanja iliondoa kufuli hilo.

Basi, ile draivu ya stoo. Mwaka 2005 jirani yetu, mpiga video wa harusi, aliniita Ijumaa jioni. Alidaiwa DVD thelathini kufikia Jumapili na sita zilikuwa zimeshaharibika. "Kijana wangu, mashine imeugua ama ni hizi diski?" Nikasoma kitambulisho cha diski, hakikuwemo kwenye orodha ya famwea yake. Nikaenda saiba, shilingi moja kwa dakika, nikapakua faili isiyofika megabaiti moja, nikaiweka kwenye flopi mbili kwa sababu flopi hazikuwa na uaminifu.

Betri ya UPS yake ilikuwa imekufa zamani. Nikapanga tuflashi saa kumi alfajiri, wakati hakuna anayepiga pasi. Toa diski, funga kila programu, usiguse kitu. Mstari ukafika nusu. Stima ikapotea.

Kinachotokea hapo ni rahisi kueleza na kigumu kumwambia mwenye mali. Famwea ya zamani imeshafutwa, mpya haijakamilika. Draivu nyingine zilikuwa na kipande kidogo cha chipu kisichofutwa, ukawasha kwa DOS ukaandika upya. Yetu ilibaki na taa inayowaka tu, kompyuta haikuiona tena. Mzee hakunifokea, aliuliza tu, "Sasa?" Nikaazima draivu ya dijei mmoja wa Buruburu, tukachoma kwa 4x usiku kucha wa Jumamosi. Draivu nyingine nilimlipa polepole, miezi minne.

DVD moja ya harusi ile iko kwa mama, bibi harusi alikuwa binamu yetu. Nimeijaribu juzi. Dakika ishirini za kwanza zinasoma safi, halafu inakwama pale pale kwenye draivu zote tatu nilizo nazo. Nimeiacha kwenye ddrescue tangu jana usiku, na hadi naandika haya bado inarudiarudia sehemu ya keki.