Figo hujeruhiwa ghafla, dalili zikachelewa

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwa figo, hata hivyo, mawingu huchelewa. Aghalabu mtu huhisi vibaya wakati viungo hivi vimekwisha kudhurika.

Binadamu ana figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, zilizo upande wa mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurejesha karibu yote mwilini na kutoa lita moja hadi mbili tu za mkojo. Fauka ya hayo, husaidia kudhibiti shinikizo la damu na kutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu.

Maradhi sugu ya figo hukomaa kwa miaka mingi, hasa kutokana na kisukari na shinikizo la damu. Jeraha la ghafla ni tofauti: hutokea kwa saa au siku chache, na mara nyingi figo hupona iwapo chanzo kitagunduliwa mapema.

Vyanzo vyake hugawika katika makundi matatu. Kwanza ni kupungua kwa damu inayofika kwenye figo. Hali hii huletwa na kuharisha na kutapika sana, kama ilivyo katika kipindupindu, kuvuja damu baada ya ajali au kujifungua, ama maambukizi makali yaliyoenea mwilini.

Pili ni madhara kwa figo zenyewe. Malaria kali, sumu ya baadhi ya nyoka na baadhi ya dawa huweza kuziharibu. Hali kadhalika, mtu aliyepigwa vibaya au kupondwa misuli ajalini huwa hatarini, kwani uchafu wa misuli iliyokufa huingia katika damu na kuziba vichujio.

Tatu ni kuziba kwa njia ya mkojo kutokana na vijiwe, kuvimba kwa tezi dume miongoni mwa wazee, au saratani ya mlango wa kizazi.

Dawa zinahitaji tahadhari ya pekee. Vituliza maumivu kama vile ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hivyo anayezimeza ilhali anaharisha hujiongezea hatari. Mitishamba isiyojulikana viungo wala kipimo chake nayo huweza kudhuru. Nchini Gambia mwaka wa 2022, watoto wapatao 70 walifariki kwa jeraha la figo, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za kikohozi zilizokuwa na kemikali zenye sumu.

Figo zikishindwa kufanya kazi, maji na uchafu hujaa mwilini. Miguu na uso huvimba, mgonjwa huhisi kichefuchefu na uchovu, na maji yakifika mapafuni hupumua kwa shida. Madini ya potasiamu yakizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Wengine huhitaji kusafishwa damu kwa mashine hadi figo zirejee, na wapo ambao hubakia na maradhi sugu.

Mtu mzima anayepata mkojo usiofika mililita 400 kwa siku nzima anafaa kupelekwa hospitalini bila kungoja. Huko, kipimo cha damu cha kreatinini huonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi. Anayeharisha apewe maji yenye chumvi maalumu mapema, na mwenye kisukari, shinikizo la damu au umri mkubwa amuulize daktari kabla ya kumeza kituliza maumivu.

Hata aliyepona anafaa kupimwa tena katika muda wa miezi mitatu, kwani figo iliyowahi kujeruhiwa huwa rahisi kuumia tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.