Kwa nini mafuta hunasa kwenye kona za mishipa ya damu

Mkulima wa nyanya au vitunguu hapa Ilula anaujua mfereji wake. Pale maji yanapokwenda moja kwa moja, mfereji hubaki safi. Pale unapopinda au kugawanyika, maji huzungukazunguka na tope hutulia. Mishipa inayotoa damu kwenye moyo, yaani ateri, ina jambo linalofanana na hilo. Tofauti ni kwamba ukuta wa mshipa ni hai: huhisi damu inavyopita na hubadilika.

Damu ina nguvu mbili juu ya ukuta huo. Ya kwanza ni shinikizo, tunaloliita presha, linalosukuma ukuta kwenda nje. Ya pili ni msuguano wa damu inapopita.

Upande wa ndani wa ukuta una safu moja tu ya seli. Mkondo ukinyooka, seli hizo hulala kufuata mkondo, hushikana vizuri na kutengeneza gesi ya nitriki oksaidi. Gesi hiyo hulegeza mshipa na kusaidia damu isigande ovyo. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake.

Kwenye kona na matawi, kwa mfano pale mshipa mkubwa wa shingo unapogawanyika chini ya taya, msuguano hupungua na damu huyumba. Gesi hupungua, seli huachana kidogo, na lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, hupenya ukutani. Kwa miaka mingi hujengeka uvimbe mgumu. Ukipasuka, damu huganda na kuziba njia: kwenye ubongo ni kiharusi, kwenye moyo ni shambulio la moyo.

Kona hizo kila mtu anazo. Lakini presha ya juu, sigara na kisukari huharibu ukuta zaidi, na hayo tunaweza kuyadhibiti. Presha mara nyingi haina dalili, hivyo kapime. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, mwone mtaalamu wa afya. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Tembea kwa kasi, maana mkondo mzuri huamsha gesi ile. Kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu tu unajisikia vizuri.

Ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.